Vyote vilikuwa "ishirini na nane", na mafuta yakamwagika

Picha ya kwanza aliyonitumia mteja wangu wa Iringa sikuielewa. Niliona boksi limefunguliwa, chupa zimesimama kama nilivyozipanga, lakini shingo nyingi zimezungukwa na kitu cheupe kama nta ya mshumaa iliyochuruzika. Nikadhani ni fangasi, moyo ukanipasuka. Nilipoikuza picha ndipo nikatambua: ni mafuta yangu ya nazi. Yalitoka kwenye chupa njiani yakiwa bado maji, yakafika Iringa usiku, baridi ya Julai ikayagandisha palepale yalipokuwa yanateremka juu ya lebo.

Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Huku Mbagala ninakoyatengeneza hayagandi isipokuwa mara chache alfajiri. Kwa hiyo Iringa ndiyo iliyonionyesha kwa macho kitu ambacho Dar kingefichwa na tambara la kufutia.

Nasimulia haya kwa ajili ya mwenzangu anayeanza kufungasha kitu cha maji maji, iwe sabuni, juisi, asali au mafuta, ambaye akili yake yote iko kwenye ubora wa bidhaa na bei ya lebo. Mimi nilikuwa hivyo. Nilikuwa nachagua nazi moja moja kutoka Mkuranga, nakuna, nakamua tui, nalaza usiku kucha, nachuja kwa kitambaa mara tatu. Kifuniko nilikichagua kwa rangi.

Ilianza hivi. Nilikwenda Kariakoo na shilingi laki mbili za chupa. Duka la kwanza nikapata chupa za plastiki za mililita 250, angavu, zenye mabega ya mviringo, nzuri kweli. Muuzaji akaniambia 320 pamoja na kifuniko, au 280 bila kifuniko. Kifuniko chake kilikuwa cha kawaida, cheupe, kifupi, cha kuzungusha. Mimi nilitaka vile vya kubinua kwa kidole gumba, ili mteja amimine kidogo kidogo asimwage. Nikachukua chupa 500 bila vifuniko, 140,000. Nikamuuliza, "Kaka, hii mdomo wake ni saizi gani?" Akajibu bila hata kuitazama, "Ishirini na nane, dada."

Mitaa miwili mbele nikakuta vifuniko vya kubinua, vya rangi ya dhahabu. Nikauliza saizi. "Ishirini na nane." Nikatoa chupa moja kwenye mfuko, nikavalisha kifuniko, nikazungusha. Kikaingia vizuri, kikakaza, kikagoma. Nikavuta, hakitoki. Shilingi 70 kimoja, nikachukua 500. Nilirudi Mbagala na daladala nimepakata viroba viwili, nikiwa na furaha isiyo kifani.

Hakuna aliyenidanganya siku ile. Hilo lilinichukua muda kulikubali, maana kwa wiki mbili baada ya hasara nilikuwa na hasira na yule wa vifuniko. Chupa ilikuwa 28 kweli. Kifuniko kilikuwa 28 kweli. Swali langu ndilo lilikuwa nusu.

Nilifanya jaribio, lakini jaribio la mtu mwenye haraka. Nilijaza maji chupa tatu, nikazigeuza juu ya beseni kwa dakika kama mbili, nikaona tone moja kwenye chupa moja. Nikakikaza kifuniko zaidi, nikajipa moyo. Makosa hapo ni mawili. Maji hujikusanya, hubaki kama shanga kwenye upenyo mdogo, wakati mafuta hutambaa hadi mahali ambapo maji hayafiki. Halafu dakika mbili si safari ya kwenda Iringa. Ukitaka kupima kifuniko, kipime na kile kile utakachouza, na muda ule ule kitakaokaa njiani.

Nikafungasha chupa 40, bei ya jumla 6,000 kila moja, nikapeleka stendi ya Mbezi, nikalipia mzigo 15,000. Basi likaondoka asubuhi. Saa tisa alasiri nikapigiwa simu na kondakta. Alikuwa na heshima, ila sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kutukanwa: mzigo wangu umevuja kwenye buti, umelowesha begi la abiria mmoja, na ndani yake kulikuwa na nguo za harusi. Nikaongea na huyo mama mwenyewe. Nilimwomba radhi, nikamtumia 40,000 ya kufulia na usumbufu. Alipokea. Aliniambia, "Mwanangu, mafuta yako yananukia vizuri, lakini mbona hukuyafunga?" Sentensi hiyo iliniuma kuliko matusi, maana nilikuwa nimeyafunga kwa mikono yangu, kimoja kimoja, hadi kiganja kikaota lengelenge.

Chupa 17 zilikuwa zimevuja. Mafuta 102,000, usafiri 15,000, fidia 40,000: jumla 157,000, na bado chupa nyingine zilizokuwa nzima lebo zake ziliharibika kwa kulowana. Mama mwenye duka kule Iringa hakunidai kitu. Alisema tu, "Dada, tengeneza kwanza, halafu tuzungumze." Kwa mtu aliyekuwa mteja wangu wa kwanza wa mkoani, nilielewa kwamba hiyo ni nafasi ya mwisho.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, anayetengeneza mashine, ambaye miaka ya nyuma alifanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki. Nilipelekwa na shemeji yangu. Nikamwamkia, nikaweka chupa na kifuniko mezani, nikaeleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, ishirini na nane ngapi?"

Sikujua la kujibu.

Akachukua kalipa yake, kile kifaa cha kubana kitu na kupima milimita, akabana mdomo wa chupa kwa nje, kwenye zile nyuzi zinazopanda, yaani pale panaposhika kifuniko. Ikasoma milimita 27 na nusu hivi. "Hii ndiyo wanaita ishirini na nane," akasema. Upana huo hupimwa nje ya nyuzi, ukingo hadi ukingo, na kwa kawaida husoma chini kidogo ya jina lake: ya 28 husoma 27 na kitu, ya 24 husoma 23 na kitu. Wengi wetu tunaweka rula juu ya tundu na kupima uwazi wa ndani, tunapata 21 au 22, halafu tunakwenda dukani kutafuta kifuniko ambacho hakipo. Tundu halikusaidii. Kifuniko hakiingii ndani ya tundu, kinapanda juu ya nyuzi.

Kisha akasema kwamba namba ni mbili, si moja. Ya kwanza ni upana. Ya pili ndiyo umbo la shingo: 400, 410, 415. Ni namba zilizotokana na wenye viwanda vya chupa za vioo wa Marekani, zikahamia kwenye plastiki, na leo chupa inayotoka China au inayopulizwa hapa hapa Dar mara nyingi inafuata hizo hizo. Shingo ya 400 ni fupi, uzi wake unazunguka mara moja tu. Ya 410 ni ndefu zaidi, uzi unazunguka mara moja na nusu. Ya 415 ni ndefu kuliko zote, mizunguko miwili. Upana unaweza kuwa ule ule kabisa.

Akanionyesha kwa kucha. Aliweka kucha ya kidole gumba mwanzo wa uzi kwenye chupa yangu, akaizungusha chupa polepole: uzi ukaisha karibu na pale ulipoanzia. Mzunguko mmoja. Akapima kutoka ukingo wa juu wa mdomo hadi bega la chupa: milimita 10. "Chupa yako ni 28, 400." Akapindua kifuniko changu cha dhahabu, akatia mkia wa kalipa ndani: kina kikazidi 16. "Kifuniko chako ni cha 410. Kinataka shingo ya milimita 18 hivi. Wewe una 10."

Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kinatokea kila nilipokaza. Nilikuwa nazungusha, kifuniko kinashuka, na kabla dari yake haijagusa mdomo wa chupa, ukuta wake unatua kwenye bega. Kinagoma. Mkono unasema kimekaza. Kweli kimekaza, lakini kimekazana na bega. Mdomo wenyewe uko wazi, na kati yake na dari ya kifuniko kuna nafasi ambayo mafuta yanapita bila wasiwasi, yanashuka kwenye nyuzi na kutokea chini. Nilivyokuwa naongeza nguvu ndivyo nilivyokuwa nasukuma bega, na mafuta hayakuzuiwa hata kidogo.

Ingekuwa kinyume chake, kifuniko kifupi cha 400 juu ya shingo ndefu ya 410, pengine kingeziba, ila kingeacha shingo inaonekana chini yake kama suruali iliyokatwa fupi, na kingeshika uzi mchache.

Mzee akanifundisha kipimo kisichohitaji kalipa, na hicho ndicho ninachokifanya hadi leo hata nikiwa nimesimama dukani. Paka rangi ya mdomo, ya kawaida tu ya kujipamba, kwenye ukingo wa mdomo wa chupa, kiasi kidogo, kuzunguka kote. Valisha kifuniko, kaza kama kawaida, kisha fungua uangalie ndani. Ukikuta duara kamili, jekundu, halijakatika popote, kifuniko kinagusa mdomo. Duara likikatika upande mmoja, hapo patavuja. Kwenye kifuniko changu cha dhahabu hakukuwa na alama hata moja. Nilikitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefunga chupa 40 kwa vifuniko ambavyo havikuwahi kugusa midomo yao.

Nikamuuliza, mbona basi Dar nilikuwa nauza na hakuna aliyelalamika? Jibu likawa hili: chupa za Dar zilikuwa zinasimama wima kuanzia kwangu hadi kwa mteja. Za Iringa zililala kwenye buti, boksi likiwa limelazwa ubavu, zikapigwa joto njia nzima. Na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa niliyoifungia chupani huku Mbagala, basi likishapanda mlima Kitonga, inakuwa na nguvu kuliko hewa ya nje, inasukuma kutokea ndani. Chupa yenye penyo ndogo hapo haina ujanja. Baadaye nilipowauliza wateja wa Dar kwa utaratibu, wawili walikiri kuwa walikuwa wanaiweka chupa juu ya kisahani. Hawakuniambia kwa sababu hawakutaka kunivunja moyo. Tangu hapo mteja simuulizi kama bidhaa ni nzuri. Namuuliza ameiweka wapi na juu ya nini.

Kosa langu la pili halikuhusu saizi, lakini lilikuja kuharibu saizi. Nilipopata chupa nyingine za majaribio zenye shingo sahihi, nilizijaza mafuta yakiwa bado ya moto, kwa sababu nilikuwa nimeyapitisha jikoni kukausha unyevu na nilitaka kumaliza kabla ya magharibi. Chupa hizi angavu, zile za plastiki ya aina ya chupa za maji, hazivumilii joto. Ukipita nyuzijoto 60 hivi unaanza kucheza na bahati. Shingo tatu zilijikunja kidogo tu, huwezi kuona kwa macho, ila duara la rangi likatoka kama mwezi mchanga. Siku hizi nasubiri mafuta yafike joto ambalo naweza kushika chupa kiganjani bila kuona tabu, hata kama ni kesho yake.

Tukirudi kwenye vifuniko: angalia pia wosha, kile kiduara laini kilichobandikwa ndani. Baadhi ya vifuniko vinazo, vingine havina, na bei inatofautiana shilingi chache tu. Kwa mafuta mimi sinunui kisicho na wosha, au kama hakina basi kiwe na ule mdomo mdogo wa plastiki unaoingia ndani ya tundu la chupa kama kizibo. Na kifuniko cha kubinua kina sehemu mbili za kuvujia, si moja: kwenye mdomo wa chupa, na pale juu kwenye tundu la kumiminia. Kwa safari ndefu naweka karatasi ya foili ya kuziba mdomo kabla ya kifuniko. Mteja anaibandua mwenyewe.

Jirani yangu anauza juisi ya ukwaju kwenye chupa za maji na soda zilizotumika, anaziosha vizuri sana. Naye alikuwa na gunia la vifuniko vilivyochanganyika, na kila asubuhi watoto wanabahatisha kipi kinaingia wapi. Nilikaa naye tukavichambua. Chupa za soda za plastiki kwa upana mara nyingi ni 28, lakini kuna shingo ya zamani ndefu, milimita 21, na shingo mpya fupi, milimita 17, ambayo viwanda viliihamia ili kupunguza plastiki. Vifuniko vyake vinafanana kama mapacha ukivitupa kwenye beseni, ila cha moja hakikai sawasawa kwenye nyingine. Chupa za maji zina shingo fupi zaidi tena, na upana wake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Ushauri niliompa ni rahisi: chupa ikiingia nyumbani na kifuniko chake, visitenganishwe, vioshwe pamoja, vikaushwe pamoja.

Huwa nawaza kwamba chupa ya soda ya kioo imetuzoesha vibaya. Kile kizibo cha bati chenye meno, alichokipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Mmarekani William Painter mwaka 1892, kinaingia kwenye chupa ya soda na ya bia, ya Dar na ya ng'ambo, hujawahi kusikia mtu anauliza saizi. Tukadhani kila kizibo kiko hivyo.

Namna ninavyonunua sasa ni hii. Siendi Kariakoo bila chupa yangu na kifuniko chake vimefungwa pamoja kwa uzi, ndani ya pochi, pamoja na kalipa ya plastiki niliyoinunua 12,000 na rangi ya mdomo ya bei rahisi. Siulizi "saizi gani" peke yake. Nasema, "Naomba ya ishirini na nane, mia nne na kumi," na kama muuzaji hajui namba ya pili, simlaumu, nahesabu mizunguko mwenyewe kwa kucha. Nanunua kumi kwanza. Nazijaza mafuta, nazilaza juu ya gazeti darini ambako joto linachoma, siku tatu. Gazeti haliwezi kukudanganya, tone la mafuta likigusa linaacha doa hata likikauka. Asubuhi ya siku ya pili navikaza tena kidogo, maana plastiki hulegea baada ya kukazwa. Nikirudi kununua nyingi, narudi duka lile lile na nafungua gunia jipya kulinganisha, kwa sababu shehena hubadilika na jina likabaki lile lile. Na ikiwezekana nachukua chupa na kifuniko kwa mtu mmoja. Zile shilingi 40 za kifuniko kifupi cheupe nilizozikataa siku ya kwanza zingekuwa pesa bora kuliko zote nilizotumia mwaka ule.

Vifuniko vya dhahabu vilibaki 440. Shemeji alisema niviuze kwa hasara. Sikukubali, kwa sababu sasa nilikuwa najua jina lao kamili. Nilizunguka karibu wiki tatu, kila nikipata nafasi, nikiingia dukani na kutoka. Duka la tisa au la kumi, nyuma ya madumu, nikakuta chupa za mililita 250, bega limeshuka kidogo, shingo ndefu. Nikaweka kucha, nikazungusha: mzunguko mmoja na nusu. Kalipa ikasoma 27 na nusu, kimo 18. Nikapaka rangi, nikafunga, nikafungua. Duara jekundu, kamili. Binti wa dukani aliniuliza kwa nini natabasamu na kifuniko, nikamwonyesha, akaita mwenzake aje aone.

Boksi lililofuata la Iringa liliondoka Mbezi mwezi Septemba, chupa 24, zimelazwa kwa makusudi. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi picha ikaja: chupa zimepangwa juu ya kaunta, mafuta yameganda meupe ndani, yamejaa hadi kwenye shingo, na lebo kavu. Chini yake ameandika, "Dada, nitumie na za nusu lita."

Za nusu lita nimeshazipima. Mdomo ni 28, shingo ni ya 400, na safari hii vifuniko vyake vifupi vyeupe nimevichukua dukani hapo hapo.